Nenda Ukajifanye Kichaa

Wasomaji wangu, nimepotea kidogo hapa kijiweni, mnisamehe. Kazi ya gazeti mnaijua. Unaahidi kwamba Jumamosi utaandika, kisha Jumamosi hiyohiyo unajikuta umesimama juani ukisubiri mheshimiwa ambaye hajafika na wala hajatuma taarifa. Lakini safari hii si kazi tu iliyonichelewesha. Kuna jambo nimelibeba kichwani wiki kadhaa, na nimeona nisipoliandika halitanitoka.

Lilianza katika kikao cha asubuhi cha chumba cha habari. Tulikuwa tunatafuta habari kubwa ya Jumapili. Mkubwa mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado nauhitaji mshahara, akanitazama akasema: "Wewe kijana, sura yako haijulikani. Nenda ukajifanye kichaa, ulazwe siku tatu nne, utuletee yanayotokea mle wodini." Watu wakacheka. Mmoja akasema mimi sihitaji hata kujifanya. Nami nikacheka, maana ukishindwa kucheka katika chumba cha habari umekwisha. Lakini moyoni sikucheka, kwa sababu mbili ambazo nitazieleza mbele.

Nilipotoka pale nikafanya kile nilichofundishwa chuoni, kwamba kabla hujaenda popote soma kwanza. Nikaanza kusoma habari za watu waliowahi kujifanya wagonjwa wa akili. Nilidhani nitakutana na waandishi wenzangu tu. Kumbe madaktari nao wana historia yao ndefu ya kujifanya, na leo zipo nchi ambako daktari kijana, kabla hajaachiwa wodi ya akili usiku peke yake, anakutanishwa kwanza na mgonjwa ambaye si mgonjwa. Hiyo ndiyo historia ninayotaka tuipitie. Wekeni chai jikoni, ni ndefu.

Tuanze na mwenzetu. Jina lake halisi Elizabeth Cochran, lakini dunia inamjua kwa jina la kalamu, Nellie Bly. Mwaka 1887, akiwa na miaka 23, alikwenda kuomba kazi katika gazeti la New York World la Joseph Pulitzer, akapewa mtihani kama ule niliopewa mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliukubali. Alipanga chumba katika nyumba ya wanawake wafanyakazi, usiku akakataa kulala, akawa anatoa macho na kusema maneno yasiyoeleweka mpaka wenzake wakaogopa. Polisi wakaitwa, akafikishwa mbele ya hakimu, akapelekwa hospitali ya Bellevue, madaktari wakamwona na kuamua kwamba ni mwendawazimu. Akavushwa mto hadi kisiwa cha Blackwell, kilipokuwa na nyumba ya wanawake wagonjwa wa akili.

Alikaa siku 10. Aliona chakula kisicholika, maji ya baridi kali ya kuogeshea, wauguzi wanaopiga watu. Gazeti likamtoa, akaandika, na mji ukatikisika. Jopo la mahakama likaenda kukagua, na bajeti ya kuwahudumia wagonjwa ikaongezwa. Kwa mwandishi kijana hiyo ni hadithi tamu kuliko asali. Lakini kuna sehemu moja ndani yake iliyonikaa kooni. Bly anasema tangu alipokanyaga kisiwani aliacha kuigiza. Alizungumza na kutenda kama siku zote. Na hakuna aliyebadili mawazo. Kadiri alivyosema kwamba ni mzima, ndivyo walivyozidi kuona kwamba ni mgonjwa.

Mwaka huohuo wa 1887, ng'ambo ya bahari, mchoraji André Brouillet alionesha mjini Paris picha yake maarufu ya somo la Dakta Jean-Martin Charcot katika hospitali ya Salpêtrière. Itafuteni muione. Ukumbi umejaa wanaume waliovaa makoti, wanatazama. Mbele yao ni mwanamke mgonjwa, nguo imeshuka mabegani, anaelekea kuanguka, ameshikwa na msaidizi. Charcot anaeleza. Hivyo ndivyo madaktari wa wakati ule walivyojifunza magonjwa ya aina hii: mgonjwa analetwa mbele ya watu, anaoneshwa. Somo lilipatikana, sikatai. Lakini mtu aliyelilipia alikuwa yule mwanamke.

Ziwekeni kichwani picha hizo mbili za mwaka mmoja. Kwa upande mmoja, mzima anayejifanya mgonjwa ili awafichue madaktari. Kwa upande mwingine, mgonjwa wa kweli anayegeuzwa tamthilia ili madaktari wajifunze. Ilichukua karibu miaka 80 mtu kupata wazo la tatu.

Kabla ya wazo hilo, madaktari walijifunzia kwa wanasesere. Ufaransa, mwaka 1759, mfalme Louis XV alimpa mkunga Angélique du Coudray ruhusa ya kuzunguka nchi nzima akifundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alitembea na kiwiliwili cha mama alichokishona kwa kitambaa na ngozi, pamoja na mtoto wake wa kitambaa, mwanafunzi aingize mkono, akosee, arudie. Mwaka 1911 huko Marekani, Martha Chase, mama aliyekuwa akitengeneza wanasesere wa watoto, aliombwa amtengenezee mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima hospitali moja ya Hartford, ili wanafunzi wa uuguzi wajifunze kumgeuza na kumvika mgonjwa. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norway, naye mtengeneza midoli, akatoa yule mwanasesere wa kujifunzia kupuliza pumzi na kukanda moyo, ambaye yeyote aliyewahi kuhudhuria semina ya huduma ya kwanza amepiga magoti mbele yake.

Wote hao ni wema. Mama wa kitambaa hafi ukikosea. Lakini mwanasesere ana upungufu mmoja ambao daktari wa akili hawezi kuuvumilia: hana la kusema. Daktari wa upasuaji ana kisu, wa mifupa ana picha. Daktari wa akili chombo chake ni swali na sikio. Hakuna kipimo cha damu kitakachomwambia kwamba huyu mama aliyekaa kimya usiku wa manane anawaza kujiua. Lazima amuulize, na lazima aulize kwa namna ambayo mama atajibu. Utajifunzia wapi hilo? Kwa mdoli?

Hapo ndipo anapoingia Howard Barrows.

Barrows alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Alipokuwa bado mafunzoni New York, kulikuwa na mgonjwa mmoja wa kweli aliyetumika katika mitihani ya madaktari. Siku ya mtihani ilipokwisha, mgonjwa yule alimsimulia Barrows jambo la ajabu. Mmoja wa madaktari waliokuwa wakifanya mtihani alimshika kwa ukali, bila adabu. Mgonjwa akamkomesha. Akabadilisha dalili zake, akazihamisha upande mwingine wa mwili, daktari yule akachanganyikiwa. Mgonjwa aliadhibu ukorofi kwa silaha pekee aliyokuwa nayo. Barrows akabaki na fikra: kumbe mtu anaweza kuigiza dalili hizi vizuri kiasi cha kumdanganya daktari?

Mwaka 1963, akiwa Chuo Kikuu cha Southern California mjini Los Angeles, alilifanyia kazi. Alimchukua mwanamke aliyekuwa akikaa mbele ya wanafunzi wa uchoraji ili wamchore, akamfundisha kuwa mgonjwa aliyepooza miguu, akampa jina la bandia na maisha ya bandia. Wanafunzi walimhoji na kumpima. Baadaye yeye akajaza karatasi: huyu aliniuliza hivi, huyu hakuangalia kile, huyu aliniumiza. Mwaka 1964 Barrows na mwenzake Stephen Abrahamson walichapisha makala kuhusu mbinu hiyo.

Mnadhani walipigiwa makofi? Walichekwa. Wakubwa wa taaluma waliona ni aibu kuleta waigizaji mahali pa sayansi, na magazeti, sisi haohao, yakadhihaki kwamba sasa Hollywood imevamia chuo cha udaktari. Barrows hakuacha. Alihamia Kanada katika Chuo Kikuu cha McMaster, baadaye Illinois, akiendelea na jambo lake. Alipofariki mwaka 2011, mgonjwa wa kuigiza alikuwa kitu cha kawaida katika vyuo vya udaktari dunia nzima.

Angalieni alichokifanya. Alichukua ule ujanja wa Nellie Bly, mzima kujifanya mgonjwa, lakini akaondoa udanganyifu. Daktari anajua kwamba aliye mbele yake anaigiza. Na alichukua lile somo la Charcot, lakini akamwondoa yule mwanamke ukumbini. Tena akampa mgonjwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: nafasi ya kusema, baada ya kuhudumiwa, jinsi alivyohudumiwa.

Si kwamba ule udanganyifu wa zamani ulikufa. Mwaka 1973 mwanasaikolojia David Rosenhan wa Stanford alichapisha katika jarida la Science habari iliyozua kishindo. Alieleza kwamba watu wazima 8, yeye akiwa mmojawapo, walikwenda katika hospitali 12 wakisema tu kwamba wanasikia sauti. Wote wakalazwa, kuanzia siku 7 hadi siku 52, ingawa baada ya kuingia walitenda kama kawaida. Kwa miaka mingi makala hiyo ilifundishwa vyuoni kama Msahafu. Lakini mwaka 2019 mwandishi wa habari Susannah Cahalan alitoa kitabu baada ya kuwatafuta wale watu kwa miaka, na alichokipata kinatia shaka kubwa kama mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa, na hata kama wale watu wote walikuwepo. Yaani mtu aliyewatuhumu madaktari kwamba hawawezi kutambua ukweli, yeye mwenyewe anatuhumiwa kuuchezea. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini, nikawaza juu ya lile wazo la kikao cha asubuhi.

Hata kompyuta zilijifanya. Mwaka 1972 daktari wa akili Kenneth Colby, pale Stanford, alitengeneza programu aliyoiita PARRY. Ilikuwa inaigiza kijana wa miaka 28 mwenye ugonjwa wa kushuku watu, anayeamini kwamba wahalifu wa kamari za farasi wanamwinda. Unaiandikia swali, inakujibu kwa woga au kwa hasira kulingana na ulivyouliza. Madaktari wa akili walipopewa kurasa za mazungumzo, mengine ya wagonjwa wa kweli na mengine ya mashine, watenganishe, walipatia kama mtu anayerusha sarafu. Mwaka huohuo PARRY ilizungumzishwa na programu nyingine iliyoigiza mganga, ELIZA. Mashine mgonjwa na mashine tabibu wakakaa wakabishana. Hakuna aliyepona. Leo, watu wanapozungumza na simu zao usiku kuhusu huzuni zao, nadhani wengi hawajui kwamba jambo hili lina umri wa miaka zaidi ya 50.

Sasa nirudi kwenye sababu zangu mbili.

Ya kwanza ni baba mdogo. Nilikuwa kidato cha pili alipoanza kusema kwamba majirani wanamwekea kitu kwenye maji. Nyumbani kwanza tulikwenda kwa waganga, kisha kwa maombi, mwisho kabisa hospitali, kama ilivyo desturi yetu. Siitaji hospitali, na wala haina maana kuitaja. Ninachokikumbuka ni daktari. Alikuwa kijana, koti jipya, jeupe pee. Alisimama mlangoni. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, ametulia, siku hiyo alikuwa ametulia kweli. Daktari akamuuliza baba yangu: "Anakula?" Baba akajibu anakula. "Analala?" Baba akajibu halali. "Anapiga watu?" Baba akasema hapana. Baba mdogo alikuwa akiwatazama, mara huyu, mara yule, kama mtu anayeangalia mpira. Hakuulizwa hata jina. Nilimchukia yule daktari kwa miaka mingi. Niliapa siku nitakayokuwa mwandishi nitaandika habari zake.

Sababu ya pili ni rafiki yangu. Tulisoma pamoja sekondari, mimi nikaenda Mlimani kuhangaika na uandishi, yeye akaenda udaktari. Alipokuwa daktari mtarajali, miezi michache nyuma, alipangiwa zamu ya usiku ambayo ilihusisha pia wodi ya akili, mahali pasipotajwa. Aliniambia habari zake tukiwa tunakula chipsi mayai barabarani Sinza. Saa nane usiku sista wa zamu alimpigia simu: "Dokta, njoo, kuna kijana amepanda juu ya kitanda ameshika chuma cha dripu." Rafiki yangu alikwenda. Aliniambia: "Kaka, shuleni nimesoma dawa zote. Naweza kukutajia miligramu. Lakini nilipofika mlangoni sikujua niseme neno gani la kwanza. Nikasimama pale. Yule sista, mama mtu mzima, akanisogeza pembeni kwa kiwiko, akaenda akakaa kitandani chini ya miguu ya yule kijana, akamuuliza kwao ni wapi."

Nikamuuliza: "Ulisimama mlangoni?"

Akasema: "Mlangoni. Miguu ilikataa."

Chipsi zikanishinda. Nilikuwa namtazama rafiki yangu, mtu mpole niliyemjua tangu tukiwa na miaka 14, na nilikuwa namtazama yule daktari wa baba mdogo. Koti ni lilelile. Nilikuwa nimebeba chuki ya miaka 10 juu ya mtu ambaye labda hakuwa na dharau. Labda miguu ilikataa.

Hilo ndilo tatizo ambalo mafunzo ya kuigiza yanajaribu kulitibu, na Waingereza wamelifikiria kwa muda mrefu. Kule madaktari wapya na wale wanaobadilishwa vituo huanza kazi kwa pamoja, Jumatano ya kwanza ya mwezi wa 8, siku ambayo magazeti yao yaliibatiza Jumatano Nyeusi. Tangu mpango wao wa miaka miwili ya kwanza ya kazi ulipoanza mwaka 2005, daktari kijana anaweza kujikuta amepangiwa miezi minne katika magonjwa ya akili, hata kama ndoto yake ni upasuaji. Mara nyingi wodi hizo ziko mbali na hospitali kuu. Usiku yuko yeye, wauguzi, na mkubwa wake ambaye yuko nyumbani kwa simu. Na anayokabidhiwa si madogo. Sheria yao ya afya ya akili ya mwaka 1983 ilimpa daktari aliyekamilisha usajili uwezo wa kumzuia mgonjwa aliyelazwa kwa hiari asitoke, hadi saa 72. Mtu mwenye miaka 25 au 26 anaamua, usiku, kama mtu mzima mwenzake ataondoka au hataondoka.

Kwa hiyo wakaanza kutengeneza usiku wa bandia. Hospitali ya Maudsley ya kusini mwa London, jina kubwa katika magonjwa ya akili tangu ilipoanza kupokea raia mwaka 1923, ni miongoni mwa waliojenga mafunzo kamili ya namna hii. Chumba kinapangwa kama wodi. Mwigizaji aliyeandaliwa vizuri anakuwa mgonjwa: mama aliyemeza vidonge na sasa anataka kwenda nyumbani, kijana anayesikia sauti zikimwamuru, mzee aliyechanganyikiwa ghafla ambaye kumbe tatizo lake ni homa na si akili. Hapo pana mtego mzuri, kwa sababu kosa la kale la wodi hizi ni kumwona mgonjwa wa akili kana kwamba hana mwili, moyo wake ukisumbua anaambiwa ni wasiwasi. Daktari anaingia na muuguzi wa kweli, wanafanya kazi dakika chache, wenzao wanatazama.

Kisha linakuja jambo ambalo kila anayefundisha mbinu hii atakwambia ndilo somo lenyewe. Wanakaa chini wanazungumza. Uliona nini? Ulihisi nini pale aliponyanyuka? Kwa nini uliuliza lile swali ukitazama karatasi? Mazungumzo haya huwa marefu kuliko zoezi. Hakuna anayepewa alama, na hakuna anayechekwa. Ukiogopa, unaogopea pale, mbele ya watu wanaojua kwamba ni mchezo.

Kuna upande mwingine wa kupima. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Scotland, alieleza mtihani wa vituo, mwanafunzi anazunguka kutoka meza moja hadi nyingine, kila meza na mgonjwa wake na dakika zake. Vyuo vyetu vya udaktari vinaujua vizuri, ulizeni mwanafunzi yeyote wa udaktari jinsi kengele ile inavyopasua kichwa. Chama cha Kifalme cha madaktari wa akili cha Uingereza, kilichopata hati yake mwaka 1971, kilikuwa kikiwapima vijana wake kwa kuwapa mgonjwa mmoja wa kweli wamhoji kwa muda mrefu. Baadaye waliingiza mtihani wa vituo ambamo wagonjwa ni waigizaji. Wapo wanaosikitika. Wanasema mwigizaji anakupa kisa kilichokatwa kwa mkasi, ilhali mgonjwa wa kweli anakupa maisha yaliyochanika ovyo. Sidhani wanakosea. Lakini namkumbuka yule mgonjwa wa New York aliyehamisha dalili zake, nami nauliza: huyo mgonjwa wa kweli, aliombwa?

Na upo ubishi mzito zaidi. Je, mzima anaweza kweli kuigiza maumivu ya akili bila kuyafanya kichekesho? Marekani, katika miaka ya 1990, mwanasaikolojia Patricia Deegan alitengeneza zoezi ambalo hakuna mwigizaji ndani yake. Unavalishwa spika za masikioni zenye sauti zinazokusema vibaya, halafu unaagizwa kufanya kazi za kawaida, kama kujaza fomu au kujibu maswali ya daktari. Deegan hakukisia tu. Yeye mwenyewe aliambiwa ana ugonjwa wa skizofrenia akiwa na miaka 17. Safari hii mgonjwa ndiye aliyeandika tamthilia. Hata hivyo tafiti juu ya mazoezi ya aina hii zimeonesha jambo la kutahadhari: watu hutoka na huruma zaidi, lakini baadhi yao hutoka pia na hamu ya kukaa mbali zaidi na wagonjwa. Unaweza kumwonesha mtu mateso mpaka akaogopa kuyakaribia. Ndiyo maana yale mazungumzo ya baadaye si mapambo.

Msije mkadhani ni mambo ya nchi tajiri tu. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2008 mpango wake wa kuwafundisha wahudumu wa kawaida kutibu magonjwa ya akili katika nchi zenye madaktari wachache kama zetu, mafunzo yake yaliwekewa maigizo ndani: huyu awe mgonjwa, huyu awe tabibu, huyu atazame. Hakuna spika wala chumba cha vioo. Yanahitajika viti viwili na watu wasiocheka.

Viti viwili tulikuwa navyo. Jumapili moja rafiki yangu alikuja chumbani kwangu, nikamsimulia yote haya, akanyamaza, kisha akasema: "Sasa wewe ukae hapo, uwe mgonjwa." Nikadhani anatania. Nikakaa kitandani. Sikujua nitaigiza nini, mara nikaona mikono yangu imekwenda mapajani. Nikawa baba mdogo. Sikupanga.

Rafiki yangu alitoka nje, akabisha hodi, akaingia. Akasimama mlangoni. Nikamwona anajiona. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, goti lake karibu na langu, akasema jina lake, akauliza langu. Nikajibu jina la baba mdogo. Akauliza siku zinakwendaje. Nikasema maji yana kitu. Hakubisha, hakukubali, aliuliza kama hilo linanifanya nishindwe kulala. Akahangaika kidogo, akapoteza njia, akauliza maswali matatu kwa mpigo, akacheka kwa aibu, akaanza upya. Halafu akauliza, taratibu, kama kuna siku naona ni heri nisiwepo.

Ndugu zangu, nilijua ni mchezo. Huyu ni mtu ninayemdai elfu 20. Lakini swali lile liliponifikia koo lilikaza, kwa sababu nilitambua kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza baba mdogo. Si daktari tu. Sisi pia, nyumbani. Tuliulizana wenyewe kwa wenyewe juu yake, anakula, analala, huku amekaa pale.

Baada ya hapo tulizungumza mpaka jioni. Nilimwambia pale alipovuta kiti ndipo nilipoanza kumwamini. Akaniambia pale niliponyamaza ndipo alipotaka kukimbia. Alikiandika kwenye kidaftari chake kidogo cha zamu.

Jumatatu nilimwendea mkubwa wangu, nikamwambia sitakwenda kujifanya. Nilimweleza habari za Bly, kwamba alitenda jambo kubwa na bado namvulia kofia. Nikamweleza pia kwamba kitanda nitakachokilalia ni cha mtu, na kwamba daktari nitakayemdanganya atatoka pale akimshuku mgonjwa anayefuata. Nikaomba barua ya kuomba ruhusa niingie kwa jina langu, na kalamu mkononi. Akasema barua zinachukua miezi. Nikasema nitasubiri. Akatikisa kichwa, akanipa habari ya bei ya vitunguu.

Barua imekwisha kwenda, sijajibiwa. Wakati nasubiri, mwisho wa mwezi nakwenda kijijini. Baba mdogo yupo, anatumia dawa, analima kidogo. Nataka nivute kiti.

Alamsiki.